Brauza ya msimbo ambayo ofisini hakuna anayeifungua, uanzie wapi kuirekebisha

Marahaba mdogo wangu. Kwanza niweke swali lako hapa kwa kifupi ili na wengine wafuate. Uko Kijitonyama, timu ya watu sita, mnatunza mfumo wa mikopo wa SACCOS mliourithi kwa watu walioshaondoka, mafaili kama elfu nne, mengi ya lugha ya PHP na Java kidogo. Umetengeneza brauza ya ndani ya kusomea huo msimbo (maandishi ya programu, yaani code), kushoto mti wa mafolda, katikati msimbo wenyewe, kulia paneli ya marejeo, umeiweka kwenye sava ya kukodi huko Ujerumani. Ukawatumia wenzako fomu wakajibu "iko poa", mwingine "iko vizuri ila muonekano uboreshwe", lakini ukichungulia logi hakuna anayeingia, wote wamerudi kwenye grep (amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili) na VS Code yao (programu ya kuandikia msimbo). Bosi anasema weka muonekano mweusi na rangi za kisasa. Unauliza uanzie wapi.

Rangi iache kwanza, nitairudia mwishoni.

Majibu ya ile fomu usiyajengee kitu. Hapa kwetu mtu akimuona mwenzake amekesha na kazi hawezi kumwambia usoni kwamba haimsaidii, atasema iko poa kaka hongera, na hakudanganyi, anakupa heshima yako. Na huyo wa "muonekano uboreshwe" naye anajua tu kwamba alivyokuwa anaitumia alichoka, kilichomchosha hakijui, basi anashika neno lililo karibu. Ukituma fomu nyingine yenye maswali ishirini na nyota za kuchagua utapata hayohayo. Mrejesho wa kitu kama hiki unaupata ukikaa pembeni ya mtu mwenye swali la kweli, anatafuta jibu la kweli, wewe ukiwa umefunga mdomo.

Unafanya hivi. Mfuate mtu mezani kwake, kwenye laptop yake yeye, sio kwenye ile yako yenye skrini kubwa. Mpe lalamiko ambalo lilishawahi kuja ofisini, mfano mwanachama amekatwa riba mara mbili mwezi aliosogezewa marejesho, mwambie nionyeshe ni wapi kwenye msimbo panapokata. Usimwambie fungua faili fulani, kwa sababu ukishataja faili umeshamfanyia nusu ya kazi na ile nusu ndo ilikuwa unataka kuiona. Mwombe aongee anachokiwaza huku anafanya, na aongee Kiswahili, maana nimeona watu wakiambiwa waeleze kwa Kiingereza wananyamaza wanatafuta maneno na wewe unakosa kila kitu. Akikuuliza hapa nabonyeza wapi, mrudishie swali: ungekuwa peke yako ungebonyeza wapi? Hiyo sehemu ni ngumu sana kwa mtu aliyejenga kitu mwenyewe, mkono unawasha kabisa kumwonyesha, lakini vumilia, nusu saa inaisha.

Kuhusu idadi, wewe mtaji unao. Watafiti wa urahisi wa matumizi ya programu, Jakob Nielsen na Thomas Landauer, mwaka 1993 walitoa hesabu inayoonyesha watu watano wanatosha kuibua kama asilimia 85 ya matatizo ya matumizi, ila hesabu hiyo inachukulia kila mtu mmoja anakutana na kama asilimia 31 ya matatizo, kwahiyo ichukue kama mwongozo tu. Wenzako ni watano. Usiwamalize wote wiki moja, kaa na wawili, rekebisha, alafu kaa na wengine, kwa sababu mtu akishazoea vichochoro vya programu yako hawezi tena kukuonyesha mgeni anapotelea wapi.

Na unapoandika, andika alichofanya na alichosema, maoni yako weka kando mpaka baadaye. Nakupa kipande cha daftari langu kutoka kazi inayofanana na yako ili uone ninachomaanisha:

"Anaandika riba. Matokeo 340. Anaskroli, anafungua la tisa, ni faili la majaribio. Anabonyeza nyuma. Imemrudisha ukurasa wa mwanzo, kisanduku kitupu. Anaandika riba tena. Kimya. Anasema: ilikuwa ya ngapi vile?"

Hiyo "ilikuwa ya ngapi vile" ina thamani kuliko fomu zako zote, na nina uhakika mkubwa kwako itatokea kitu kama hicho, kwa sababu umeeleza kwamba ukibonyeza faili kwenye mti paneli ya kati inabadilika ila anwani ya juu inabaki ileile. Maana yake kitufe cha kurudi nyuma cha brauza ya intaneti, kama Chrome, hakijui mtu ametoka wapi. Hapa naomba nikae kidogo maana kwangu mimi hili ndo kubwa kuliko mengine yote.

Mtu anayesoma msimbo wa mtu mwingine hasomi kama gazeti. Ana swali moja, anaingia kwenye fankisheni (kipande cha msimbo chenye jina kinachofanya kazi moja), anaona inaita nyingine, anaifuata, ile inasoma jedwali la hifadhidata, anaenda kuangalia jedwali linajazwa na nani, huko anakuta mpangilio unatoka kwenye faili la usanidi (settings), anaenda huko, na muda wote huo kichwani kashikilia vitu vitatu vinne, kwamba hiki nilishaangalia, kile nitarudi, hii variabo ilikuwa na thamani gani. Programu yako ikimpotezea mahali alipokuwa mara moja tu, vile vitu vyote vinadondoka na inabidi aanze upya. Kwenye VS Code anabonyeza Alt na mshale wa kushoto anarudi palepale alipokuwa mpaka mstari, na ndo maana wenzako wamerudi huko, wala usifikiri ni uvivu au mazoea tu.

Kwahiyo kila hatua iingie kwenye historia ya brauza. Anwani ibebe faili, namba ya mstari, komiti ya Git (toleo la msimbo lililohifadhiwa wakati fulani) na neno alilokuwa anatafuta. Akirudi nyuma akute orodha ya matokeo ileile, imesimama palepale ilipokuwa imeskroliwa, na lile tokeo alilolifungua limewekwa alama ili asilifungue mara ya pili. Komiti usiiache, maana linki ya mstari wa 212 leo ni kitu kingine kabisa kesho mtu akiongeza mistari juu yake. GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, kwa mfano ukibonyeza herufi y ukiwa kwenye faili inakugeuzia anwani iwe ya komiti ileile, isibadilike tena. Na timu yako najua mnarushiana vitu kwenye grupu la WhatsApp, mtu akipata linki inayofungua palepale, mstari umepakwa rangi na uko theluthi ya juu ya skrini badala ya kubanwa ukingoni kabisa, ataanza kuitumia bila kuombwa.

Vichupo navyo viangalie hapohapo. Umesema kila faili linafungua kichupo kipya. Kwenye mradi wa PHP ndani ya dakika kumi mtu ana vichupo vinane vyote vimeandikwa index.php, sasa kipi ni kipi? Weka jina la folda mbele, na anayepitia tu kuchungulia asifunguliwe kichupo kipya, atumie kilekile mpaka aamue mwenyewe kukibakisha. Ungeweza hata kuviondoa kabisa ukaweka orodha fupi ya sehemu alizopita, kwa majina ya fankisheni sio ya mafaili, mimi ningejaribu hilo kwanza.

Sasa mti wa mafolda. Mti unajibu swali moja, faili limewekwa wapi, na hilo ni swali ambalo kwa msomaji wa mfumo wa kurithi halina msaada kwa sababu waliolipanga hawapo. Maswali yake ni mengine: hii inaitwa na nani, hii inaita nini, hili jedwali linaandikwa wapi, huu ujumbe wa kosa umetoka wapi. Mwaka 2006 Jonathan Sillito na wenzake wa Chuo Kikuu cha British Columbia waliangalia maprograma wakiwa kazini kwenye kubadilisha msimbo wakapata aina 44 za maswali ya namna hiyo. Na kuna programu ya zamani sana ya Bell Labs inaitwa cscope, ya skrini ya maandishi tu, haina rangi wala ikoni, lakini ukiifungua unakuta chini pameandikwa orodha ya maswali: tafuta jina hili, tafuta linapofafanuliwa, tafuta fankisheni zinazoitwa na hii, tafuta fankisheni zinazoiita hii, tafuta maandishi haya. Unachagua swali, unaandika jina, basi. Naipenda sana kwa hilo. Wewe paneli yako ya kulia umeiita "Marejeo" na inamwaga kila kitu pamoja, panapofafanuliwa, panapoitwa, panapotajwa kwenye maoni, vyote kwenye orodha moja. Ipasue hiyo. Panapofafanuliwa pawe juu peke yake, kisha wanaoita, kisha wanaotaja tu, na kila mstari uonyeshe ni ndani ya fankisheni gani, maana "mstari wa 88" haumwambii mtu chochote wakati "ndani ya postMonthlyCharges" kunamtosha hata asifungue.

Kutafuta. Watu wanatafuta kuliko unavyodhani, utafiti uliofanyika ndani ya Google ukatoka 2015 ulikuta developa mmoja kwa wastani anaandika tafutizi 12 kwa siku ya kazi, kwenye vikao vitano tofauti. Kwahiyo kisanduku cha kutafutia ndo mlango wa nyumba yako, na wewe umekificha kulia juu, kidogo, nyuma ya ikoni ya lenzi. Kilete katikati, mtu akifungua ukurasa kishale kiwe tayari kinapepesa mle ndani, na alama ya mkwaju (/) ikibonyezwa popote imrudishe kwenye kisanduku.

Mpangilio wa matokeo nao una kazi. Mafaili ya majaribio na folda ya vendor (msimbo wa watu wengine mlioupakua) yashuke chini, usiyafiche, yashushe tu. Neno riba likamate hesabuRiba na hesabu_riba na RibaService, kwahiyo majina yakatwe vipande pale herufi kubwa inapoanza na penye alama ya chini. Alafu kuna jambo ambalo programu za kununua hazitakufanyia: msimbo wetu huku umeandikwa lugha mbili zimechanganyika, aliyeandika mwaka ule aliita mkopo, aliyefuata akaita loan, sehemu moja mdhamini sehemu nyingine guarantor, na kuna mtu aliandika getRibaAmount. Tengeneza kamusi ndogo ya maneno ya biashara yenu, mkopo, riba, marejesho, hisa, mdhamini, mwanachama, faili moja la mistari michache, mtu akiandika moja matokeo ya mwenzake yatokee chini yake yakiwa na kichwa chake. Kamusi yenyewe waulize hao wafanyakazi wa SACCOS, wanaongea hayo maneno kutwa. Nadhani hiki kitu peke yake kitaipita grep machoni pa wenzako.

Na kwa mafaili elfu nne usihangaike na injini kubwa ya kutafutia inayokula RAM, ripgrep, ndugu wa grep mwenye kasi, inapita kwenye mafaili yote hayo haraka sana, tengeneza faharasa ya majina tu, yanayobaki iachie ripgrep.

Nije kwenye skrini, hapa tupige hesabu kabisa. Umesema wengi wenu mna laptop za 1366 kwa 768. Mti wako una pikseli 300, paneli ya kulia 400, namba za mistari 50, panabaki 616. Fonti ya msimbo ya saizi 14 kila herufi inakula kama pikseli 8.4, kwahiyo mtu anaona herufi 73 kwa mstari, na PHP ya mfumo wa zamani mistari yake inapita hapo kila mara, inabidi askroli kwenda pembeni. Kwenda chini ni mbaya zaidi: toa kama 40 za upau wa Windows, kama 120 za juu ya brauza, toa kichwa chako chenye logo ya kampuni 64, njia ya folda 40, vichupo 40, umebaki na 464, ukigawa kwa urefu wa mstari 21 unapata mistari 22. Mistari 22 ya msimbo! Fankisheni ya mistari 60 mtu anaiona kwa mafungu matatu, na akifika fungu la tatu hajui tena jina la fankisheni aliyomo. Wewe hukuliona hili kwa sababu skrini yako kubwa.

Basi logo itoke. Njia ya folda na vichupo vikae mstari mmoja. Paneli ya kulia ifungwe mpaka aiite, mti uwe unafungika kwa kibodi na programu ikumbuke kwamba aliufunga, asiufunge upya kila asubuhi. Na unaposhuka ndani ya fankisheni ndefu jina lake ligande juu, VS Code nayo iliongeza kitu hicho 2022, ni mstari mmoja tu unaotoa kwenye ile 22 lakini unalipa.

Kasi. Mtafiti Robert Miller alishaandika 1968, na Nielsen akalirudia 1993, kwamba jibu likija ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde mtu anahisi kitu kimeitika mkono wake, likifika sekunde moja mawazo hayajakatika ila anahisi kusubiri, likifika sekunde kumi umeshampoteza. Sasa sava yako iko Ujerumani. Mwanga ndani ya faiba unaenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, tuseme njia ya nyaya kutoka Dar mpaka huko ni kilomita elfu kumi, kwenda na kurudi tayari imekwisha ile sehemu ya kumi ya sekunde kabla sava haijafanya chochote, na wewe kila faili likifunguliwa unatuma maombi matatu moja baada ya lingine, la mti, la msimbo, la marejeo. Hakuna CSS (msimbo wa kupanga muonekano wa ukurasa) itakayoliponya hilo. Ilete kwenye kompyuta mojawapo hapo ofisini, hata desktopu ya zamani inatosha kwa watu sita. Ikishindikana, tuma orodha nzima ya majina ya mafaili na fankisheni mara moja mtu anapofungua, majina ya mafaili elfu nne hata yakiwa na herufi 60 kila moja ni kama kilobaiti 240, ikibanwa inashuka sana, na hapo akiandika herufi kwenye kisanduku kuchuja kunafanyika kwenye laptop yake mwenyewe. Hata bando la anayefanyia kazi nyumbani litakushukuru.

Vidogo viwili ambavyo vinaudhi kupita ukubwa wake. Umesema unachora mistari inayoonekana tu ili faili kubwa lisikwame, sawa, lakini ujue hapo Ctrl+F ya brauza inakuwa kipofu, mtu anatafuta kitu kilichopo anaambiwa hakipo, na akishadanganywa mara moja hatakuamini tena. Ama uchore faili lote, na kwa mafaili ya mistari elfu mbili tatu linawezekana kabisa, ama Ctrl+F uishike wewe mwenyewe na itafute faili zima. Cha pili, akikopi kipande cha msimbo asibebe na namba za mistari.

Sasa bosi na muonekano mweusi. Usimkatalie, mtu anayefanya kazi usiku umeme umekatika, chumba giza, anauhitaji kweli. Ila utakapouweka pima utofauti wa rangi ya maandishi na ya nyuma, mwongozo wa WCAG (wa kufanya kurasa za intaneti zisomeke na kila mtu) unataka angalau 4.5 kwa 1, na kinachofeli karibu kila mara ni maoni ya kwenye msimbo, watu wanayapaka kijivu kilichofifia wakati kwenye mfumo wa kurithi maoni ndo sauti pekee iliyobaki ya walioondoka. Skrini za bei nafuu na lile jua la dirishani mchana zinamaliza kabisa kijivu hicho. Nyekundu na kijani visiwe ndo tofauti pekee kati ya mstari uliofutwa na ulioongezwa, weka na alama ya kujumlisha na kutoa.

Ila kabla ya kuuanza, mwombe bosi akae nyuma kwenye kikao kimoja tu, asiseme kitu. Mchagulie kikao cha huyo mwanafunzi wa field uliyesema amewafikia mwezi huu, maana hao wengine wanajua mfumo kwa kichwa, wanaweza kuruka sehemu mbovu bila hata wao kujua wameruka, yeye hana pa kuruka. Mpe lile lalamiko la riba mara mbili. Mwambie wazi kwamba inayopimwa ni programu na wala sio yeye, mwambie mbele ya bosi, alafu nyamazeni wote wawili mpaka amalize.